Vidonge vya minyoo vya kutafuna: dawa safi, wauzaji ndo wanatuangusha

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aondoke zake. Vidonge vya albendazole vya kutafuna, vile vya miligramu 400 vinavyouzwa karibu kila famasi hapa Dar, kwa vile viminyoo vyeupe vyembamba vinavyowakosesha watoto usingizi usiku, vinafanya kazi vizuri na bei yake haimuumizi mtu. Mebendazole nayo hivyo hivyo. Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibania sio kwa ajili ya dawa, nimeibania kwa ajili ya namna tunavyouziwa, unapewa kidonge kimoja cha mtoto mmoja, "mpe atafune tu dada", haya kwaheri, afu haupiti muda mtoto anajikuna tena na wewe unaanza kuitangaza dawa mtaani kwamba ni feki.

Tuelewane kwanza naongelea minyoo ipi maana huku kwetu kila kinachotembea tumboni kinaitwa minyoo. Sio tegu, sio safura, wala sio yale majoka yanayofanana na minyoo ya ardhini ambayo mtoto anaweza hata kuyatapika. Hii ni midogo, wengine wanaiita minyoo ya uzi, jike lake lina urefu wa kama sentimita moja na dume ni fupi zaidi, meupe, mkia umechongoka kama pini. Makao yake ni kwenye utumbo mpana. Mtoto akishalala jike linashuka mpaka nje kwenye njia ya haja kubwa, linataga pale pale kwenye ngozi mayai elfu kumi hivi au na zaidi, na hapo ndo muwasho unapoanza. Mtoto anajikuna huku amelala, mayai yanaingia kwenye kucha, asubuhi anashika andazi, mchezo unaanza upya. Na mayai yake hayana subira, yale ya minyoo mikubwa lazima yakae kwenye udongo wiki kadhaa ndo yaweze kuambukiza, haya yanahitaji masaa manne mpaka sita tu. Yaani yaliyotagwa usiku wa manane, chai ya asubuhi yako tayari.

Kwangu alianza wa darasa la pili. Usiku anageuka geuka, analia bila kuamka, asubuhi mkali kama pilipili, mwalimu anasema anasinzia darasani. Afu akaanza kulalamika mbele kunawasha na kukojoa kunachoma. Tukaenda zahanati moja (siitaji), wakapima mkojo, wakasema UTI, tukapewa dawa, tukamaliza, muwasho uko pale pale. Tukarudi, wakapima choo, majibu hamna minyoo. Hapo mi nilichoka. Bibi yao ndo akaja akaniambia mwanangu subiri alale, ukishapita muda kidogo mfunue umulike na simu. Nikangoja mpaka kama saa tano usiku nikamgeuza taratibu nikawasha tochi, aisee. Viwili vitatu, vyeupe pee, vinajinyonganyonga pembezoni mwa njia ya haja, vikipigwa na mwanga vinarudi ndani. Wifi yangu alikuwa kasimama nyuma yangu akakimbia.

Sasa kwa nini kipimo cha choo kilisema hamna? Kwa sababu mayai hayatagwi ndani yakachanganyika na choo, yanatagwa nje. Mtu wa maabara aangalie kopo mpaka macho yamtoke, mara nyingi hayaoni. Na kwa mtoto wa kike vile vijike vikitoka vinaweza vikapotea njia vikaingia mbele, ndo unasikia muwasho huko na watu wanakimbilia UTI au fangasi. Kipimo chenyewe cha hii minyoo ni seloteipu. Ndio, ile ile ya stationery, ila iwe ile ya kung'aa inayoona ng'ambo, ile ya kahawia ya kufungia maboksi haifai. Asubuhi mtoto akiamka kabla hajaoga na kabla hajaenda chooni unabandika upande wenye gundi pale kwenye ngozi ya njia ya haja, unabandua, unaibandika kwenye kioo cha maabara au hata kwenye kimfuko safi cha plastiki unapeleka wakaangalie kwa darubini. Inashauriwa ufanye asubuhi tatu mfululizo maana jike halitagi kila siku kwa ratiba. Kipimo cha bei ya seloteipu, na bado kuna sehemu ukiwatajia wanakuangalia kama umetoka kwa mganga. Ila ukishawaona wenyewe kwa macho na tochi hata huhitaji kupima.

Haya twende dukani.

Famasi ya kwanza ni ya njia panda karibu na nilipopanga, nayo siitaji, mana yule kijana sina ugomvi naye na muuzaji mwenyewe ni mtoto wa watu. Nilimwambia mtoto ana minyoo, hakuuliza ana miaka mingapi, hakuuliza minyoo gani, akaweka kidonge kimoja kwenye kibahasha cha kaki, elfu moja, next. Nikamuuliza kaka sasa na wengine nyumbani? Akasema "wakiumwa utakuja tena". Biashara ni biashara lakini jamani.

Ya pili iko mbali kidogo, inabidi upande daladala, kuna mama mtu mzima pale nyuma ya kaunta. Nilipomwamkia tu na kumweleza akaanza maswali. Mnakaa wangapi? Analala na nani? Kuna mtoto wa chini ya miaka miwili? Kuna mjamzito? Nikajibu yote. Akasema mama, hii minyoo haitibiwi mtoto, inatibiwa nyumba, mkimpa mmoja ni sawa na kudeki huku bomba linavuja. Mnakula wote siku moja, kuanzia wewe mpaka baba yao mpaka dada wa kazi, hata asiyewashwa, mana wengi wanayo na hawasikii chochote. Afu mnarudia wote baada ya wiki mbili. Akachukua kalamu akaandika tarehe ya kurudia juu ya boksi kwa namba kubwa. Yaani kile kitendo cha kuandika tarehe tu, mi ningempa yule mama nyota sita.

Na ile wiki mbili sio ya kutunga. Dawa inaua minyoo iliyopo tumboni, ila mayai haiyawezi vizuri. Kwa hiyo yale mayai mtoto aliyoyameza jana na yale atakayoyameza kesho kutoka kwenye shuka yanaanguliwa baadae, na kutoka yai kumezwa mpaka jike kuanza kutaga inachukua kama mwezi. Ukirudia dozi wiki ya pili unawakuta hawajafika umri wa kutaga. Usiporudia ndo unapata wale wanaosema "hii dawa ya siku hizi haina nguvu".

Sasa dawa yenyewe kwa undani.

Albendazole ya kutafuna ni kidonge kikubwa kiasi, ya kwangu ilikuwa na kaharufu ka matunda na utamu wa kubabaisha, mwanzoni mtoto anafurahi kama amepewa pipi, katikati ya kutafuna inakuwa kama chaki na sura inabadilika. Maji pembeni ni lazima. Wa darasa la pili alimaliza bila kesi, wa chekechea alitema nusu kwenye kiganja akataka kumpa paka. Kwa mtoto mdogo usimlazimishe kutafuna kidonge kizima wala usimbane pua ukamsokomezea mdomoni huku analia, anaweza kupaliwa vibaya, kisage kati ya vijiko viwili uchanganye na maji kidogo umnyweshe kwa kijiko. Kitu kilichonishangaza ni kwamba mtu mzima na mtoto wa miaka miwili na kuendelea wote dozi ni ile ile miligramu 400, mume wangu alikataa katakata akasema haiwezekani mi nina kilo tisini ninywe sawa na huyu, ikabidi nimsomee kikaratasi. Wa chini ya miaka miwili dozi yake ni ndogo, huyo mpeleke kliniki wakuelekeze, usikadirie kwa jicho.

Mebendazole nimeitumia raundi nyingine kwa sababu albendazole ilikuwa imeisha siku hiyo. Hapa kuwa makini na kitu kimoja, ziko za miligramu 100 na ziko za 500. Zile za 100 mara nyingi zinakuja kwenye karatasi ya vidonge sita, kimoja asubuhi kimoja jioni kwa siku tatu, hiyo ni kwa minyoo mingine. Kwa hii ya uzi ni kidonge kimoja cha 100, basi, na kimoja tena baada ya wiki mbili. Kwa hiyo karatasi moja ya vidonge sita ukielekezwa vizuri inatosha watu watatu raundi zote mbili, na ndo maana nasema uliza, maana kuna muuzaji atakuuzia karatasi sita za watu sita na kukuambia mtoe dozi kamili. Kwa utendaji sijaona tofauti na albendazole. Zote mbili zinaua kwa namna moja, zinamzuia mnyoo asiweze kunyonya sukari anayoitegemea kupata nguvu, analegea taratibu mpaka anakufa, kwa hiyo usitegemee mtoto atafune saa mbili usiku na saa tatu muwasho umekata. Vumilia siku chache.

Ya maji ipo pia, ya albendazole na ya mebendazole, ni nzuri kwa wadogo ila soma chupa, chupa nyingi ndogo za albendazole ni dozi moja nzima, sio ya kunywa kijiko leo ukaiweka juu ya kabati kwa ajili ya mwezi ujao. Kuna nyingine inaitwa pyrantel, hiyo inapimwa kwa kilo za mtoto, sijaitumia kwa hiyo siipi nyota.

Madhara kwetu yalikuwa kidogo sana. Mkubwa alisema tumbo linamsokota jioni ile, mimi kichwa kidogo, kesho yake wote tuko sawa. Mjamzito hasa miezi mitatu ya mwanzo asinunue dukani mwenyewe, aende kliniki ndo waamue. Wifi yangu alikuwa na mimba changa wakati huo, yule mama wa famasi alikataa kabisa kumuuzia, akamwambia wewe kazi yako kwa sasa ni kunawa mikono na kukata kucha, dawa ya minyoo utapewa kliniki ukifika muda wake.

Sasa kuna watu watasema mbona shuleni wanapewa bure. Ni kweli na mi naunga mkono asilimia zote, ile kampeni ya serikali ya kumeza dawa shuleni ni kitu kizuri mno, walimu wanagawa albendazole na kwenye maeneo yenye kichocho wanaongeza praziquantel, ile wanayopimia watoto kwa ile fimbo ya urefu. Mzazi anayemficha mwanae siku hiyo kwa sababu ya uvumi wa WhatsApp sijui anamkomoa nani. Ila lengo la kampeni ile ni minyoo inayotoka kwenye udongo, ile mikubwa ya mviringo, ya mjeledi na safura, na kwa hiyo kazi dozi ya mara moja moja kwa mwaka inasaidia sana. Hii ya uzi haipiti kwenye udongo, inapita kwenye kucha, shuka, madawati na mikono ya mtoto mwenzie. Mtoto anameza shuleni leo, nyumbani kuna mdogo wake wa miaka mitatu ambaye hajafikia shule na mama ambaye hakuna aliyemkumbuka, wiki mbili zinapita hakuna dozi ya pili, kwa hiyo inarudi. Sio kwamba zile za shule ni dhaifu, ni dawa ile ile niliyonunua mimi.

Afu aibu tuiache. Nimesikia mtu anasema hii ni minyoo ya uswahilini, ya watoto wachafu. Huko Marekani kwenye vyoo vya kuvuta hii ndo minyoo inayoongoza kwa kuwapata watu, na hasa watoto wa umri wa shule. Hata ujenge choo cha marumaru haisaidii kitu, mana haisubiri choo. Na usimfukuze paka wala mbwa, hawahusiki, hii ni ya binadamu peke yake.

Kazi ngumu ni nyumba. Dawa ni elfu moja moja, jasho ndo liko kwenye kufua. Mayai yanaweza kukaa wiki mbili mpaka tatu kwenye shuka, nguo na midoli yakisubiri mdomo. Siku ya dawa tulitoa shuka zote, foronya, nguo za kulalia, chupi, mataulo, tukazichemshia maji ya moto. Na shuka usiikung'ute! Mi nilizoea kutoa shuka kibarazani naikung'uta paa paa, kumbe mayai yanaruka hewani watu wanayavuta na kuyameza. Unaikunja taratibu unaitumbukiza kwenye beseni. Magodoro tukayatoa juani mchana kutwa, jua la Dar kwa hili tulishukuru. Kucha zote zikakatwa mpaka mwisho. Asubuhi kila mtoto anaoga kabla ya chai, sio jioni tu kama tulivyozoea, kwa sababu mayai yametagwa usiku na ukimwogesha asubuhi unayatoa kabla hayajasambaa, na chupi inabadilishwa hapo hapo. Na ile ya kuwaogesha watoto wawili kwenye beseni moja ili kuokoa maji, hapana, mwagia kila mtu na kopo lake, japo najua kwa wanaonunua maji kwa dumu hii ni hela.

Tiba za asili nitapita haraka. Mbegu za papai, nimewahi kumpa mkubwa, ni chungu ile mbaya, alitapika na minyoo ikabaki. Kuwanyima watoto sukari eti ndo inaleta minyoo, sukari inaharibu meno, mayai ya minyoo hayako kwenye kopo la sukari, labda kama mtoto anachota kwa vidole. Na kusaga meno usiku sio uthibitisho wa chochote, wangu wa chekechea anasaga mpaka leo na minyoo hana.

Malalamiko yangu kwa watengenezaji ni kale kakaratasi ka ndani ya boksi. Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mchanga, limekunjwa mara kumi. Na ukinunua kidonge kimoja kimoja hata hako hukapati, unapewa kibahasha kimeandikwa 1x1. Wangeweka tu mstari mmoja wa Kiswahili juu ya boksi, "familia nzima, rudia baada ya wiki mbili", ingetosha. Pia angalia tarehe ya kuisha muda kabla hawajakukatia, na zile za kwenye meza za stendi zinazopigwa jua kutwa nzima mi sinunui.

Matokeo: baada ya raundi ya pili wote wanalala, wa darasa la pili ameacha kusinzia shuleni. Kilichobaki ni jirani wa chumba cha pili. Watoto wake na wangu wanalala mchana kwenye mkeka mmoja, nikamwambia shoga tunywe wote siku moja nitakununulia na zako, akasema wanawe wanasoma shule ya kulipia hawawezi kuwa na minyoo, na juzi nimemwona mtoto wake mdogo anajisugua kwenye ukuta wa ngazi. Sijasema kitu. Nimeshapanda daladala kwa yule mama kununua raundi nyingine, na safari hii nimemuomba aniandikie tarehe kwenye maboksi ya jirani pia.